Chombo Kilichosalia kwa Mifano

Mvua inayonyesha kati ya Ruiru na Thika huenda baharini kwa njia mbili. Ikianguka upande wa Ruiru huingia mto Ruiru, ikaungana na maji ya Athi, ikapita chini ya mlima Ol Donyo Sabuk, ikaitwa Galana na baadaye Sabaki, kisha ikamwagika Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi. Ikianguka Thika mjini, Chania huikabidhi kwa mto Thika, nao huikabidhi kwa Tana, na Tana huifikisha Kipini, kusini ya visiwa vya Lamu. Miji hii miwili imeachana kilomita 20 hivi tu, lakini maji yake hayakutani tena mpaka baharini.

Nimeanza na mito kwa sababu historia ninayotaka kuisimulia iko kwenye milango ya mito hiyo miwili. Karibu na mlango wa Tana, katika kisiwa cha Pate na visiwa vya Wabajuni, mafundi walijenga mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari. Karibu na mlango wa Sabaki, mwezi wa Aprili 1498, zilitia nanga meli za Vasco da Gama, zilizopigiliwa misumari ya chuma. Mtepe umetoweka. Meli zile za Wareno nazo zimetoweka. Anayetaka kuviona vyombo hivyo leo hana budi kutazama mbao ndogo zilizopangwa na mikono yenye subira, yaani mifano. Kazi ya kujenga mifano ya vyombo vya kale huonekana kwa wengi wetu, hasa sisi wa bara, kuwa mchezo wa wenye nafasi au pambo la kuuziwa watalii. Mimi naiona kuwa sehemu ya uandishi wa historia, na katika habari ya mtepe ni sehemu kubwa sana.

Tuanze na mtepe wenyewe. Fundi wa Siyu au Faza, miji ya kisiwa cha Pate, alianza na mkuku. Juu ya mkuku akalaza ubao, na juu ya ubao huo mwingine, ukingo kwa ukingo, bila kupishanisha. Akatoboa matundu kwa keekee kandokando ya mbao zote mbili, akapitisha kamba ya kumbi, akaivuta na kuikaza, kisha akaziba matundu kwa vijiti ili maji yasipate njia. Ubao kwa ubao, ganda la chombo likapanda. Mataruma, zile mbavu za ndani, yaliingizwa baadaye, ganda likiwa limeshapata umbo. Kwa hiyo umbo la mtepe halikutoka kwenye mbavu. Lilitoka kwenye jicho la fundi na namna alivyoupinda kila ubao.

Kamba yenyewe ilikuwa na historia yake. Makumbi ya nazi huzikwa kwenye matope ya pwani kwa miezi kadhaa mpaka nyama yake ioze, kisha hufukuliwa, hupondwa kwa magongo na kusafishwa, na nyuzi zake husokotwa kwa viganja. Ukitembea vijiji vya mashariki ya Unguja utawakuta wanawake wakiifanya kazi hiyo hadi leo. Mtepe mmoja ulimeza kamba hizo kwa wingi wa ajabu, kwa kuwa kila mshono, kuanzia omo hadi tezi, ulikuwa wa kumbi.

Tanga lake lilikuwa la mraba, la mkeka uliosukwa kwa miyaa. Omo lilichongoka mbele na kuinuka kwa mfano wa shingo ya ngamia, na masimulizi ya pwani yanasema ni ngamia wa Mtume. Pande mbili za omo zilichorwa macho. Hornell, ambaye nitamrudia, alitofautisha mtepe huo wenye shingo ndefu na dau la mtepe, ndugu yake aliyeshonwa vivyo hivyo lakini asiye na shingo ile.

Ukoo wa vyombo hivi ni wa kale sana. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinataja vyombo vya kushonwa katika pwani yetu. Miaka zaidi ya 1,400 baadaye, mtu aliyeandika shajara ya safari ya kwanza ya Vasco da Gama alifika kisiwa cha Msumbiji na kuona jambo lile lile: vyombo visivyo na misumari, mbao zake zimefungwa kwa kamba, matanga yake ni mikeka ya mitende. Ni vyombo vichache vinavyoweza kuonyesha uzi mrefu namna hiyo usiokatika.

Mwishoni mwa maisha yake, mtepe ulikuwa mbebaji wa boriti. Miti ya mikoko ilikatwa katika mito ya bahari ya Lamu, ikapakiwa, ikapelekwa Unguja kuezekea nyumba za mawe. Anayeshangaa kwa nini vyumba vya nyumba za kale za Lamu na Zanzibar ni vyembamba na virefu, akumbuke kwamba upana wa chumba ulipimwa kwa urefu wa boriti, nao hauzidi mita 3 hivi. Mtepe ulifaa kazi hiyo. Ganda lililoshonwa hulegea kidogo linapogusa mchanga au mwamba, na palipo na mshono hapapasuki kwa urahisi kama palipo na msumari. Gharama yake ilikuwa maji. Yalipenya kwenye mishono, na kuyafua ilikuwa kazi isiyokwisha.

Kisha misumari ikawa rahisi kupatikana, na jahazi lenye tanga la pembe tatu likauzidi mtepe katika kwenda joshi. Mwaka 1919 mtu aitwaye Lydekker aliandika juu ya mtepe wa visiwa vya Wabajuni katika jarida la Man la London, na wakati huo bado ungeweza kuonekana ukielea. Inasemekana mtepe wa mwisho ulivunjika mwaka 1935. James Hornell, Mwingereza aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza vyombo vya majini duniani kote, alichapisha makala yake juu ya mtepe na dau la visiwa vya Lamu mwaka 1941, katika jarida la The Mariner's Mirror. Kwa hesabu hiyo maelezo kamili zaidi ya mtepe yalichapishwa mtepe ukiwa umeshazikwa.

Hapo ndipo mifano inapoingia.

Makumbusho ya Lamu, katika ile nyumba kubwa ya ufukoni iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 19, yana mifano ya vyombo vya pwani, mtepe ukiwamo. Mgeni wa kawaida huipita, akaenda kutazama siwa ya pembe. Lakini mtafiti anayetaka kujua mtepe ulivyokuwa ana vyanzo vichache mno: maandishi ya watu kama Lydekker na Hornell, picha chache zilizopigwa na wapita njia, na mifano. Picha humwonyesha upande mmoja tu. Maandishi humwambia kile ambacho mwandishi alikiona kuwa cha maana, na waandishi hao hawakuwa mafundi. Mfano hukaa mezani, ukaweza kuuzunguka, kuuchungulia ndani, kuupima.

Ni lazima pia tuseme ukweli juu ya udhaifu wake. Mifano si sawa yote. Upo mfano uliochongwa kutoka gogo moja, ukatobolewa ndani, ukapakwa rangi. Kwa nje unaweza kupendeza kabisa, lakini haukufundishi jinsi chombo kilivyojengwa, kwa sababu haukujengwa, umechongwa. Upo mfano uliojengwa na mtu aliyewahi kushika tezo kwenye jahazi halisi: una mkuku, una mbao zilizounganishwa moja moja, una mataruma, na kama ni mtepe una mshono wa kweli. Huo ni ushahidi. Lakini hata huo hupotosha kwa namna yake. Fundi wa pwani hakufanya kazi kwa mchoro, alipima kwa dhiraa na kwa macho. Alipoufanya mtepe mdogo aliyakuza yale aliyoyapenda. Shingo ya ngamia huwa ndefu kuliko inavyostahili, mlingoti huwa mnene, mishono huwa michache na mikubwa, kwa kuwa vidole vya binadamu havipungui pamoja na chombo. Mtafiti mwangalifu huusikiliza mfano kuhusu mpangilio wa vitu na hauamini kuhusu vipimo.

Tatizo la vidole linastahili kuelezwa, maana ndilo moyo wa kazi hii. Tuseme mtepe una urefu wa mita 20 na mjenzi anataka kuufanya kwa skeli ya 1 kwa 20. Mfano wake utakuwa na urefu wa mita 1. Ubao wenye unene wa sentimita 3 utakuwa wa milimita 1 na nusu. Kamba ya milimita 6 itakuwa uzi wa milimita 0.3, na tundu la kuipitisha halitazidi unene wa pini. Baharia mwenye urefu wa mita 1.6 angesimama sentimita 8. Sasa fikiri kwamba kila ukingo wa kila ubao una safu ya matundu kutoka omo hadi tezi, na kila tundu litobolewe bila kuupasua ubao wa milimita 1 na nusu. Kumbi haifai tena, ni nene na ngumu mno kwa mshono huo. Inabidi kutumia uzi wa pamba au kitani uliopakwa nta ya nyuki ili usitoe manyoya. Ubao nao lazima ulowekwe na kupindwa kwa joto kabla ya kushonwa, la sivyo utaivuta mishono mpaka ikatike. Mtu anayemaliza kazi hiyo anajua juu ya mtepe mambo ambayo hayamo katika makala yoyote, kwa mfano ni ubao gani unaokataa kupinda, na ni kwa nini fundi wa Faza aliupanga alivyoupanga.

Maarifa hayo yaliwahi kurudishwa kwenye kimo kamili. Mwaka 2003 mtepe wenye urefu wa karibu mita 20 ulijengwa Zanzibar kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib, wakati Profesa Abdul Sheriff, mwanahistoria wa Bahari ya Hindi, akiyasimamia makumbusho hayo. Uliitwa Shungwaya, kwa jina la nchi ya asili inayotajwa katika masimulizi ya Waswahili na majirani zao. Wamarekani na Waomani nao hawakukaa kimya. Mwaka 1985 Robert Adams aliandika tasnifu Texas A&M juu ya ujenzi wa chombo cha kushonwa cha magharibi ya Bahari ya Hindi, na mwaka 2010 chombo cha Oman kilichoshonwa, Jewel of Muscat, kilisafiri kutoka Oman hadi Singapore. Kwa upande wetu, tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib iliporomoka na watu 2 wakapoteza maisha. Msiba huo ulitukumbusha, pamoja na mengine, jinsi ilivyo hatari kuiweka kumbukumbu ya taifa zima katika nyumba moja.

Sasa tufuate maji ya Ruiru, tushuke na Sabaki.

Vasco da Gama alifika Malindi katikati ya Aprili 1498, akapokewa vizuri kuliko alivyopokewa Mombasa, akapewa rubani, na kabla mwezi haujaisha akaondoka kuelekea India. Nguzo yake yenye msalaba bado imesimama juu ya mwamba wa Malindi. Meli yake kubwa, São Gabriel, ni miongoni mwa meli zilizofanyiwa mifano mingi zaidi duniani. Iko katika makumbusho ya majini ya Lisbon, iko katika vifurushi vinavyouzwa kwa wapenzi wa kazi hii, na mbao zake zimekatwa tayari. Lakini hakuna mchoro wa ujenzi wa São Gabriel uliosalia. Urefu wake ni wa kukadiria, upana wake ni wa kukadiria, hata umbo la tezi lake limekisiwa kwa kutazama meli nyingine za zama zake. Kila mfano wa São Gabriel ni hoja ya mtu.

Jambo hilo linanigusa sana. Tumezoea kufikiri kwamba vyombo vya wageni vimeandikwa na vyetu vimesahauliwa. Kwa São Gabriel na mtepe, tofauti haiko kwenye nyaraka. Mtepe kwa kweli una ushahidi mwingi zaidi, kwa kuwa ulionekana na watu wenye kamera katika karne ya 20. Tofauti iko kwenye idadi ya watu waliokaa mezani wakaijenga upya São Gabriel, kizazi baada ya kizazi, wakibishana juu ya kila ubao. Mreno mwenye umri wa miaka 10 anaijua sura ya meli hiyo. Mtoto wa Thika, hata wa Mombasa, anaweza kumaliza shule bila kuiona sura ya mtepe.

Pwani yetu ina meli nyingine ya Wareno iliyo na bahati zaidi. Santo António de Tanná ilijengwa kwa mbao za msaji huko Bassein, India, karibu na mwaka 1680. Ilikuwa na mizinga zaidi ya 40. Waomani walipoizingira Ngome ya Yesu mwezi wa Machi 1696, meli hiyo ilikuwamo katika msafara wa msaada uliofika Mombasa siku ya Krismasi ya mwaka ule. Ilikwenda, ikarudi mwaka uliofuata, na safari hii haikutoka. Iling'oka nangani, ikapigwa mwambani, ikapoteza usukani, na mwezi wa Oktoba 1697 ikazama chini ya kuta za ngome iliyokuja kuiokoa. Kuzingirwa huko kulidumu miezi 33, na ngome ikaanguka Desemba 1698.

Kwa zaidi ya miaka 250 meli ililala kwenye tope. Katika miaka ya 1960 wapiga mbizi Conway Plough na Peter Phillips waliigundua, na kati ya 1977 na 1980 ilichimbwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na wataalamu wa Institute of Nautical Archaeology kutoka Marekani, chini ya Robin Piercy, huku Hamo Sassoon akisimamia upande wa makumbusho ya pwani. Vyombo vya udongo, silaha na mali za mabaharia zilipandishwa juu na kuwekwa Ngome ya Yesu. Mbao za meli zilipimwa, zikachorwa huko huko chini ya maji, kisha zikafunikwa tena. Miaka karibu 30 baadaye, mwaka 2007, Mreno Tiago Fraga aliichukua michoro ile katika chuo kikuu cha Texas A&M na kutoka humo akaliunda upya umbo la meli nzima katika tasnifu yake.

Njia hiyo ya kuirudisha meli kutoka vipande vyake ina mzee wake, na habari zake zinafaa kusimuliwa hapa. J. Richard Steffy alikuwa fundi umeme katika mji mdogo wa Denver, jimbo la Pennsylvania. Hakuwa na shahada ya historia wala ya ubaharia. Alipenda kujenga mifano ya meli za kale. Tofauti yake na wengine ni kwamba hakuridhika na mfano unaopendeza. Alitaka mfano unaojibu swali: mbao zilizochimbuliwa baharini zikipunguzwa kwa skeli na kuunganishwa jinsi matundu na alama zake zinavyoelekeza, zitatoa umbo gani? Mabaki ya meli ya Kigiriki iliyozama karibu miaka 2,300 iliyopita yalipopandishwa kutoka bahari ya Kyrenia, Kupro, Steffy ndiye aliyesimamia kuyaunganisha upya katika miaka ya 1970. Meli hiyo ilijengwa ganda kwanza na mbavu baadaye, utaratibu ule ule wa mtepe, ingawa mbao zake ziliungwa kwa ndimi za mti badala ya mshono. Mwaka 1976 fundi umeme huyo alianza kufundisha Texas A&M, na mwaka 1985 akapewa tuzo ya MacArthur, mojawapo ya tuzo kubwa za Marekani. Wataalamu wa Marekani waliochimba Mombasa, na Fraga wa baadaye, walikuwa na uhusiano na chuo hicho hicho. Ukiifuata kamba ya utafiti wa Santo António mpaka mwisho wake, utamkuta mtu aliyeanza na mbao ndogo nyumbani kwake baada ya kazi.

Turudi bara, maana bara nako kuna la kusema.

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya katani kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Kutoka kwenye miche hiyo michache katani ilienea Tanganyika yote, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikapanda mpaka kwetu, ambapo walowezi Swift na Rutherfoord waliilima Punda Milia, upande wa Makuyu, mbele kidogo ya Thika. Reli ya Nairobi hadi Thika ilipofunguliwa mwaka 1913, mashamba ya katani na kahawa yalipata njia ya kuteremsha mazao Mombasa. Kisha Vita vya Pili vya Dunia vikaja. Wajapani walipoiteka Ufilipino mwaka 1942, dunia ilikosa katani ya Manila iliyokuwa ikisokotwa kamba za meli, na katani ya Afrika Mashariki ikashika nafasi yake. Watu waliokata majani yale na kuyapitisha kwenye mashine za Makuyu na Thika, wengi wao wasioijua bahari, walikuwa wakiwafungia kamba mabaharia wa dunia nzima. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba habari za vyombo ni za Wapwani peke yao.

Ruiru nayo ina mti. Kwa miaka mingi mji huo umejulikana kwa kahawa na kwa kituo cha utafiti wa kahawa kilichotoa aina ya Ruiru 11 mwaka 1985. Siku hizi mashamba mengi yamekatwa viwanja, na mikahawa ya miaka 50 na zaidi inang'olewa na kuuzwa kuni. Kila shina linaloungua linaniuma. Mti wa mkahawa ni mgumu, rangi yake imepauka, na nyuzi zake zimebana kiasi kwamba hauonyeshi mistari mikubwa hata ukikatwa mwembamba. Mjenzi wa mifano anatafuta sifa hizo hasa, kwa sababu ubao wenye mistari mipana humsaliti: jicho humwambia mtazamaji mara moja kwamba hiki ni kitu kidogo. Shina la mkahawa halitoi ubao mpana, lakini nani anataka ubao mpana kwenye chombo cha mita 1? Mukima, uliopandwa kwenye mashamba hayo hayo kutia kivuli, ni rahisi kupatikana na kupasuliwa, ila madoadoa yake makubwa hayafai kwa mbao za nje. Utumike kwa kitako na kwa kalibu za ndani.

Zana si za ajabu. Msumeno mdogo, patasi, wembe, msasa, keekee ya mkono yenye ncha ya pini, nta, uzi. Mafundi wa jua kali wa Thika hutengeneza vigumu kuliko hivyo kila siku. Na kama mtu anadhani kazi hii haiwezi kulisha mtu, atazame Mauritius. Kisiwa kile hakikuwa na sifa yoyote ya mifano ya meli kabla ya miaka ya 1960. Mafundi wachache walianza kuijenga ubao kwa ubao, kwa kufuata michoro ya kale ya Ulaya, na leo mifano yao huuzwa nchi za mbali kwa bei ya maana. Wao walizichagua meli za Waingereza na Wafaransa kwa sababu wanunuzi walizitaka. Sisi tuna chombo chetu ambacho hakuna mwingine anayekijenga.

Ninalolitaka ni dogo na linawezekana. Chuo cha ufundi cha Thika kina wanafunzi wa useremala. Wapewe mtepe kuwa kazi ya mradi: mbao za mkahawa kutoka Ruiru, mshono wa kweli, omo lenye shingo yake kwa kipimo cha haki, tanga la mkeka. Usichongwe kutoka gogo. Upande mmoja uachwe wazi bila mbao za juu, kama Waingereza wa karne ya 17 walivyoiacha wazi mifano ya meli zao za vita, ili mataruma yaonekane. Ujengwe zaidi ya mmoja, ili ukivunjika mmoja mwingine uwepo.

Na mmoja uende Shule ya Vipofu ya Thika, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Meli ni kitu ambacho asiyeona hawezi kukifahamu kwa kuelezwa, na hata akipelekwa bandarini atagusa ubavu wake tu. Mfano humwezesha kuushika mtepe mzima kwa mikono miwili, kuanzia mkuku hadi ncha ya mlingoti, na kuuhesabu mshono kwa kidole. Huo usipakwe vanishi nzito, maana vanishi huficha uzi.

Wewe unayesoma haya, ukipata safari ya Lamu, nenda makumbusho na rula, daftari na penseli. Omba ruhusa kwa wasimamizi. Pima urefu wa mtepe ulioko kwenye meza, upana wake, kimo cha omo na cha tezi, hesabu mbao za ubavuni, chora jinsi kamba inavyoingia na kutoka. Kisha waulize wazee wa kijiji cha Matondoni na wa Faza ni wapi mfano huo umekosea. Wako ambao baba zao waliuona mtepe ukisafiri, na majibu yao yaandikwe sasa.